Umaskini na Mnyororo Wake: Mafunzo Kutoka Ruponda na Nachingwea

Mara nyingi umaskini wa nchi zinazoendelea huelezwa kwa maneno mepesi: kwamba watu ni wavivu, kwamba mvua ni haba, au kwamba fedha hazitoshi. Maelezo hayo hayatoshelezi. Historia ya Ruponda na sehemu zinazoizunguka, huko Nachingwea na Ruangwa katika Mkoa wa Lindi, yaonyesha kwamba mahali paweza kupata fedha nyingi, wakulima wenye bidii na zao lenye soko duniani, na bado umaskini ukadumu.

Fedha bila utafiti

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilitangaza mpango mkubwa wa kulima karanga, ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula uliofuata Vita Kuu ya Pili. Zilikusudiwa ekari zipatazo milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliagizwa kabla ya udongo na mvua kupimwa vya kutosha. Huko Kongwa udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu mno, hata kung'oa karanga zilizokomaa kukawa kazi ngumu. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa bandari ya Mtwara pamoja na reli. Mpango uliachwa mwaka 1951, na hasara yake ilikuwa pauni zipatazo milioni 36. Reli nayo, kwa kukosa mizigo ya kutosha, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hivyo basi, fedha peke yake haikuweza kuchukua nafasi ya ujuzi wa ardhi.

Mnyororo wa korosho

Zao lililostawi kusini si lile lililoletwa kwa matrekta, bali ni korosho, ambayo asili yake ni Brazil na ililetwa pwani ya Afrika Mashariki na Wareno. Wakulima wadogo waliipanda wenyewe pamoja na mihogo na nafaka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000.

Anguko hilo halikuwa na sababu moja. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, na wengi wakawa mbali na mikorosho yao. Bei aliyolipwa mkulima nayo ilikuwa ndogo, ikamvunja moyo wa kupalilia na kupogoa. Mikorosho isiyopogolewa husongamana, na ndani yake huota chipukizi laini wakati usio wa msimu. Chipukizi hizo ndizo makao ya kuvu waletao ugonjwa wa ubwiri unga. Maua yanapochanua, kuvu huyaenea na kuyakausha kabla hayajatunga korosho. Kwa hiyo bei mbaya ilizaa shamba lililotelekezwa, shamba hilo likazaa ugonjwa, na ugonjwa ukazaa mavuno haba.

Wakati huohuo nchi ilikuwa imekopa ili kujenga viwanda vya kubangulia korosho, kimojawapo kikiwa Nachingwea. Viwanda vilipokuwa tayari, korosho za kuvilisha hazikuwapo. Vingi vilisimama, lakini deni halikusimama.

Dawa ya shamba na dawa ya soko

Utafiti uliofanywa katika kituo cha Naliendele, Mtwara, ulisaidia kuthibitisha kwamba salfa ya unga ikipulizwa mapema, kabla ugonjwa haujaenea katika maua, huyaokoa mavuno. Uzalishaji ulipanda tena, na msimu wa 2017/18 ulizidi tani 300,000. Hata hivyo sehemu kubwa ya korosho imekuwa ikiuzwa ghafi, na wanunuzi wakubwa ni India na Vietnam. Ili kupata kilo 1 ya korosho zilizobanguliwa huhitajika kilo 4 hadi 5 za korosho ghafi. Kwa hiyo auzaye ghafi husafirisha maganda pia, na pamoja nayo huuza nje kazi ya kubangua na mafuta ya ganda yatumikayo viwandani. Tena hutegemea bei asiyoipanga yeye.

Nini kifanyike

Kwanza, mpango wowote wa kilimo uanze kwa kupima udongo na mvua na kwa majaribio madogo, huku wenyeji wakisikilizwa. Pili, pembejeo zifike kabla ya maua, kwani salfa iliyochelewa ni gharama isiyo na faida. Tatu, mkulima alipwe bei ya haki na kwa wakati; mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mwaka 2007, hutimiza kusudi lake pale tu malipo yasipocheleweshwa. Nne, ubanguaji ukue hatua kwa hatua kulingana na mavuno. Tano, ufuta, mbaazi na mihogo viendelee kulimwa, ili msimu mmoja mbaya wa korosho usiiache nyumba bila chakula wala fedha.

Hatua hizo hazina budi kwenda pamoja. Salfa bila bei nzuri haitanunuliwa, na kiwanda bila mavuno ni deni. Umaskini wa kusini ulifungwa pingu kwa pingu. Aliyefungua moja na kuziacha nyingine hajamfungua mkulima.