Minaki na Ukoo Wake wa Kiungani

Mwaka 1864, Askofu William Tozer alipohamishia Zanzibar Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kama UMCA, Sultani Majid alimkabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao alikuwa John Swedi. Mwaka 1879 mtoto huyo aliyekuwa akisafirishwa kama mzigo aliwekewa mikono kuwa shemasi wa Kianglikana.

Kwa ajili ya watoto kama Swedi kilijengwa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, nje kidogo ya Mji Mkongwe. Mwaka 1925 chuo hicho kilivuka bahari kikaja kuweka makazi Minaki, wilayani Kisarawe. Leo Minaki ni sekondari ya serikali, na wengi wanaopandisha vilima vya Pugu kwenda Kisarawe hawajui kwamba wanapita jirani na mrithi wa shule ya watumwa waliokombolewa.

Minaki ina ndugu zake ng'ambo ya Atlantiki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipomalizika mwaka 1865, watu Weusi waliotoka utumwani walikuta milango ya vyuo vingi imefungwa. Vikaanzishwa vyuo vyao: Fisk mwaka 1866, Howard mwaka 1867, Hampton mwaka 1868. Vingi vilianza na a, e, i, o, u, kisha vikatoa walimu, madaktari na mawakili. Thurgood Marshall, aliyeongoza mawakili katika kesi iliyoharamisha ubaguzi katika shule za umma mwaka 1954, alisomea sheria Howard.

Kiungani nako walianza na kalamu. Vijana waliandika kwa Kiswahili maisha yao wenyewe: walivyonyakuliwa makwao, walivyouzwa toka mkono hadi mkono mpaka kufika pwani. Mwalimu wao, A. C. Madan, alizitafsiri habari hizo kwa Kiingereza zikatoka kitabuni mwaka 1887. Mwaka uliofuata chuo kikaanza kupiga chapa *Msimulizi*, mojawapo ya magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Kila anayesoma gazeti la Kiswahili leo ana deni kwa vijana wale.

Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, aliyewahi kuwa mtumwa na kusoma hapo hapo, akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo.

Baadaye matunda yakavuka uzio wa kanisa. Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni, Zanzibar, mwaka 1891 na kusoma Kiungani, aliongoza kuanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali mjini Tanga mwaka 1922. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyojadili kuunganisha nchi za Afrika Mashariki.

Koo hizi mbili, ule wa Kiungani na ule wa vyuo vya Weusi vya Marekani, ziliwahi kukutana. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki, Tanganyika na Zanzibar zikiwemo, kuchunguza elimu ya Waafrika. Miongoni mwa wajumbe alikuwa James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, Ghana ya leo, aliyesoma na kufundisha Livingstone College, chuo cha Weusi huko North Carolina. Chuo hicho kimepewa jina la David Livingstone, mtu yule yule ambaye wito wake wa mwaka 1857 uliizaa UMCA.

Shule ya Kibaha, nayo iliyowafungulia mlango waliokosa elimu, ilizaliwa katika zama nyingine. Tanganyika ilipopata uhuru, wasomi wa chuo kikuu walikuwa wa kuhesabika. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zikaanza mradi Kibaha kwa makubaliano na serikali, na kila adui wa taifa akatafutiwa dawa yake: sekondari dhidi ya ujinga, kituo cha afya dhidi ya maradhi, mafunzo ya wakulima dhidi ya umaskini. Mwaka 1970 Tanzania ilikabidhiwa mradi huo, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Rais wa nne, Jakaya Kikwete, alisoma sekondari hiyo.

Minaki na Kibaha zinathibitisha jambo lile lile lililothibitishwa na Howard: aliyefungiwa mlango, akipewa mwalimu, bweni na muda, huwafungulia wengine. Marekani vyuo kama Howard vinaenziwa, na kumbukumbu zake zinatunzwa katika maktaba. Minaki imekwisha kutimiza miaka 100 Kisarawe. Wazee waliosoma hapo enzi za misheni huenda bado wana picha, barua na madaftari masandukuni. Wanafunzi wenzao, serikali na kanisa wavikusanye sasa, na kila kijana anayeripoti Minaki asimuliwe habari za John Swedi.