Lupita na Lile Neno "Lakini"

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 3 Machi 2014, ilinikuta Karungu, kando ya Ziwa Viktoria, nilikokwenda kumzuru rafiki yangu wa Mombasa aliyeoa huko. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linapanda, na akina mama walikuwa wakianika omena juu ya nyavu kuukuu zilizotandikwa mchangani. Redio moja ndogo ilikuwa imewekwa juu ya mtumbwi, ikisema Kijaluo. Mara mama mmoja aliacha beseni lake akapiga kigelegele, na wenzake wakamwitikia: "Nyarwa! Nyarwa!" Nikamuuliza mwenyeji wangu kulikoni.

"Wanasema binti yetu, kaka," akanijibu. "Lupita amepata Oscar."

Msomaji, mimi ni mtoto wa Mji wa Kale. Sinema niliijua tangu udogoni, katika majumba ya Naaz, Regal na Majestic. Tulilia pamoja na Nargis katika "Mother India", na Hema Malini tulimjua kama jirani. Tuliwapenda kwa dhati, wala sijutii. Ila asubuhi ile, nikiwatazama wale akina mama weusi wakishangilia, nilijiuliza: katika nyuso zote tulizozililia gizani mle, ni upi uliokuwa mweusi kama hizi? Sikuukumbuka hata mmoja.

Lupita Nyong'o si mzaliwa wa Karungu. Kwao ni Seme, upande wa Kisumu, na yeye mwenyewe alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, ndiyo maana akapewa jina la Kimeksiko. Baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, aliyekuja kuchaguliwa gavana wa Kisumu mwaka 2017, alikuwa ameihama nchi kwa sababu ya siasa. Ami yake Lupita, Charles, alipotea Mombasa mwaka 1980. Inasimuliwa kwamba alitupwa baharini kutoka kwenye feri. Basi hata sisi wa pwani tumo katika hadithi ya nyumba hiyo, tena katika ukurasa wake wa msiba.

Aliletwa Kenya kabla hajatimiza mwaka mmoja, akakulia Nairobi. Alipokuwa na miaka 14 alicheza Juliet katika mchezo wa Shakespeare uliotolewa na Phoenix Players. Alipofika 16 wazazi walimpeleka Meksiko kujifunza Kihispania. Akasoma chuo cha Hampshire, Marekani, akawa mtumishi tu nyuma ya kamera katika filamu ya "The Constant Gardener" iliyopigwa Kenya na kutoka mwaka 2005. Mwaka 2009 akaonekana katika mchezo wa televisheni wa "Shuga", na mwaka huo huo ikatoka filamu aliyoiongoza mwenyewe, "In My Genes", juu ya maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya. Kisha akarudi darasani, akasomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale hadi mwaka 2012. Wanaosema nyota imemwangukia usingizini, na wahesabu miaka hiyo.

Alipomaliza tu akapewa nafasi ya Patsey katika "12 Years a Slave", filamu ya Steve McQueen iliyotoka 2013, kutokana na kitabu cha Solomon Northup cha mwaka 1853. Patsey ni mtumwa wa Louisiana anayechuma pamba zaidi ya ratili 500 kwa siku, akawashinda wanaume, na bado anachapwa mijeledi. Kwa kazi hiyo Lupita akawa Mkenya wa kwanza kutwaa Oscar ya uigizaji, siku moja baada ya kutimiza miaka 31.

Siku ile ile, mchana, niliingia katika duka moja la Karungu kununua sabuni. Msichana wa miaka kama 16 alikuwa mbele yangu. Mikono yake ilinuka omena, na fedha alizoshika zilikuwa zimelowa. Alinunua kikopo cha mkorogo. Uso wake ulikuwa umeshageuka mwekundu, na vidole vimebaki vyeusi. Redio ya duka ilikuwa ingali inamtaja Lupita.

Nilitaka kumwambia neno, nikaona haya; mimi mgeni, na yeye si binti yangu. Sikujua bado kwamba siku chache kabla ya hapo Lupita alikuwa amesimama mbele ya wanawake wenzake huko Beverly Hills, akasimulia kuwa alipokuwa mtoto alimwomba Mungu kila usiku aamke ngozi yake imekuwa nyeupe, na kila asubuhi alikimbilia kioo akakuta hajabadilika. Alisema faraja ilianza alipomwona Alek Wek wa Sudan Kusini, mweusi kama yeye, akisifiwa duniani kote. Mama yake naye alimfundisha kwamba uzuri wa sura hauliwi, haumshibishi mtu.

Mwaka 2019 aliyaandika hayo katika kitabu cha watoto, "Sulwe", neno la Kijaluo maana yake nyota. Kimekwisha tafsiriwa kwa Kiswahili. Hajauacha uigizaji, alicheza "Queen of Katwe" mwaka 2016, "Black Panther" 2018, "Us" 2019. Ila kama ningeulizwa kipi cha kumnunulia mtoto, ningesema hicho kitabu.

Wako watakaoniuliza: uchezaji sinema una heshima gani kwa binti wa watu? Sibishani nao leo. Nauliza langu. Utumwa ulifutwa Unguja mwaka 1897 na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Mbona bado tunapima rangi za watoto wetu kana kwamba mnada haujafungwa? Zamani bibi harusi alisingwa kwa liwa, akanukia. Siku hizi wengine hupakwa krimu za zebaki, zilizopigwa marufuku nchini, zinazochubua ngozi na kudhuru figo, ili picha zitoke nyeupe.

Niliporudi Mombasa nilihudhuria harusi ya jamaa. Mpwa wangu alipita na sinia la halua, na mama mmoja wa heshima zake akasema kwa upole, akidhani anamsifu: "Mtoto huyu mweusi, lakini mzuri."

Mpwa wangu aliinamisha uso. Safari hii sikuona haya.

"Shangazi," nikasema, "liondoe hilo 'lakini'."

Akanitazama kidogo, akamvuta mtoto karibu yake, akasema tena, bila ya hilo neno.