Je, Wajua? Karafuu za Zanzibar Katika Pudini ya Mfalme

Je, wajua kwamba mwaka 1927 karafuu za Zanzibar zilitumika kuwafanya Waingereza waipende himaya yao?

Mwaka mmoja kabla, serikali ya Uingereza ilikuwa imeunda Bodi ya Masoko ya Himaya. Kazi yake ilikuwa kuwashawishi wananchi wanunue bidhaa za himaya, si kwa amri wala kwa ushuru, bali kwa mabango ya rangi, filamu na mapishi.

Mpishi wa Mfalme George V alitoa mapishi ya pudini ya Krismasi, ile keki nzito ya matunda makavu, na bodi ikayasambaza. Viungo vilitajwa pamoja na vinakotoka: zabibu kavu za Australia na Afrika Kusini, ramu ya Jamaika, karafuu za Zanzibar. Mama wa nyumbani ambaye hajawahi kupanda meli aliikoroga himaya katika bakuli moja, kisha akawapakulia watoto wake. Kwangu mimi, hiyo ni propaganda nzito kuliko hotuba yoyote ya bungeni, kwa sababu haikumtaka mtu aamini neno lolote. Ilimtaka ale tu.

Mapishi yale hayakumtaja aliyepanda juu ya mkarafuu kule Unguja au Pemba na kuchuma karafuu kwa mkono. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, miaka 30 tu kabla ya pudini hiyo. Huenda baadhi ya wachumaji walikuwa wamezaliwa utumwani.