Fahamu: Kwa nini mlango huziba watu wakiharakisha

Ukiingia posho mill yoyote Kianjokoma, Embu, tazama mahindi. Yakimwagwa taratibu, yanateremka bila shida. Ukigeuza gunia zima kwa pupa, punje huegemeana mdomoni mwa mashine na kujenga tao, nayo ikazunguka tupu mpaka mwenyewe apige bati kwa kiganja.

Watu nao ni hivyo hivyo. Mwaka 2000, watafiti Dirk Helbing, Illés Farkas na Tamás Vicsek walichapisha modeli ya kompyuta inayomchukulia kila mtu kama chembe inayosukuma na kusukumwa. Ilionyesha kwamba kila mmoja akikimbilia mlango, wanaotoka hupungua.

Mlango wa upana wa mita 1 hupitisha mtu mmoja na ushei kwa sekunde. Watu wakizidi 6 hivi katika mita moja ya mraba, hakuna anayejiamulia hatua tena. Tumezoea kusema “mkanyagano”, lakini wengi huuawa na kubanwa kifua.

Tarehe 3 Februari 2020, msongamano kwenye ngazi za Shule ya Msingi ya Kakamega uliua wanafunzi 14 wakitoka madarasani. Walimu wa shule za ghorofa, tafadhali: madarasa yashuke kwa zamu.