Mwuguzi Aitwapo Usiku

Somo letu la jioni hii ni juu ya kazi ya mwuguzi anayeitwa majumbani saa yo yote, mchana au usiku. Mifano nitaichukua Makwale, huko Kyela, kaskazini ya Ziwa Nyasa.

Nchi ile ni tambarare. Mito kama Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani kwenda ziwani, na mvua kubwa za Machi na Aprili zinapopiga, shamba la mpunga na njia ya miguu huwa kitu kimoja. Katika majira hayo mlango wa mwuguzi unagongwa saa nane usiku. "Hodi, nesi! Mama amezidiwa." Basi. Mjumbe anahema, na neno alilopewa ni hilo tu.

Sasa mwuguzi afanye nini? "Amezidiwa" yaweza kuwa homa, yaweza kuwa kidonda, yaweza kuwa damu. Mfuko wake hauchukui zahanati nzima. Una kipimo cha joto, kipimo cha presha, glovu, bandeji, dawa chache na kurunzi. Huenda akatembea saa nzima matopeni, akakuta jambo lisilowezekana kwa mfuko ule. Saa hiyo mgonjwa alikuwa akiihitaji.

Kwa hiyo, msikilizaji, shika neno hili: wako wagonjwa ambao haifai kumngoja mwuguzi nyumbani. Mama aliyejifungua na damu inamtoka kwa wingi aweza kufa katika muda wa saa 2. Tena yuko mtoto mwenye degedege, au asiyeweza kunyonya wala kunywa, au anayetapika kila kitu. Na mtu ye yote anayeitwa asiitike, au anayepumua kwa shida. Hao wapelekwe kituo cha afya au hospitali mara moja, kwa pikipiki, kwa machela, hata kwa mtumbwi ikiwa njia imezama. Mwuguzi apigiwe simu safari ikiwa imekwisha anza, ili awaarifu wa hospitali au awakute njiani. Watu wengi huona ni heshima kumngoja nesi aone kwanza. Mimi nasema heshima hiyo ni ghali mno.

Wengine kweli huuguzwa nyumbani: mzee aliyepooza, mwenye kidonda cha kufungwa upya, mwenye saratani na maumivu yake. Anayeharisha aanze kunyweshwa tangu mjumbe anapoondoka, pakiti 1 ya ORS katika lita 1 ya maji safi. Lakini akiharisha maji mfululizo, kama yale yaliyooshea mchele, huyo naye ni wa kupelekwa, huku akinyweshwa njiani.

Mjumbe aende na habari kamili: mgonjwa ni nani na ana umri gani, alianza lini, mmeona nini, anakunywa, anakojoa, na njia ipoje. Afadhali iandikwe karatasini, maana mtu aliyekimbia gizani husahau. Tena waende watu wawili anaowafahamu mwuguzi, nao wamrudishe mpaka mlangoni kwake. Wauguzi wengi ni wanawake, na kumwachia arudi peke yake alfajiri si haki. Kumbukeni pia kwamba asubuhi hiyohiyo ana foleni ya watu kazini. Bandeji iliyolegea yaweza kungoja kuche.

Mwuguzi naye asiondoke bila kumfundisha mtu wa nyumba ile. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila saa 2, usiku na mchana, asipate vidonda vya mgongo na nyonga. Kazi hiyo haifanywi na mgeni. Hufanywa na binti au mkwe aliyeonyeshwa, akajaribu mwenyewe mbele ya mwuguzi.

Januari 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka 5. Ikiwa yuko mmoja kitongojini kwenu, mjulisheni yeye kwanza. Nyumba yake iko karibu.

Baada ya somo, kikundi chenu kijadili haya: mvua zikikata njia, ni mtumbwi wa nani utakaochukua mgonjwa, na nani ana namba ya simu ya mwenyewe?