Gari la zamani na mlima wa Lushoto

Matangazo ya magari ya mkononi yana sentensi inayopendwa kuliko zote: "Unawasha, unaondoka." Kwa mnunuzi wa Tanga mjini hiyo inatosha. Mnunuzi wa Lushoto atauliza: unaondoka kwenda wapi? Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kilomita kama 33 za kona juu ya kona, na ndani ya mwendo huo mfupi gari linapanda karibu mita 1,000. Anayekwenda Mlalo au Mtae ana mlima mwingine mbele yake, na penye udongo, mvua ikinyesha, ni utelezi mtupu.

Hata hivyo magari ya zamani hayakosi watu huku. Sababu mojawapo iko bandarini. Gari dogo linaloingizwa nchini hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, VAT ya asilimia 18, na likiwa limepita miaka 10 tangu litengenezwe, asilimia 30 nyingine kwa ajili ya uchakavu wake. Ukishapiga hesabu hiyo, Noah au Probox ya namba C ambayo kodi zake zililipwa zamani inaanza kupendeza. Mwalimu anamuuzia nesi, nesi anamuuzia mkulima wa kabichi wa Lukozi, na gari linaendelea kupanda na kushuka.

Wengi wanauziana wenyewe kwa wenyewe ili kukwepa cha juu cha dalali. Lakini dalali akitoka, anaondoka pia mtu wa kulaumiwa. Muuzaji na mnunuzi wanabaki wakitazamana, na mmoja wao anajua mambo ambayo mwenzake hayajui.

Anayajua kwa sababu mlima umemwonyesha. Kupanda kunaumbua rejeta, gasketi na klachi; kushuka kunaumbua breki. Gari linaloonekana zima pale Mombo, kwenye tambarare, linaweza kuanza kuchemsha kabla ya kufika Soni, njiani kwenda Lushoto. Wapo wauzaji wanaolitumia hilo: wanakutana na mteja Mombo, wanamzungusha mitaa miwili, wanapokea hela. Wengine wanaliwasha gari alfajiri ili mteja akifika injini iwe imeshapata moto na isionyeshe shida ya kuwaka. Wengine wanatia oili nzito kunyamazisha mlio, au wanaosha injini ing'ae ili uvujaji usionekane. Mimi injini ya gari la miaka 20 inayong'aa kama sahani ya harusi hunitia shaka kuliko yenye vumbi.

Muuzaji muungwana anafanya kinyume. Analiacha gari lilale, mteja aje aliwashe likiwa la baridi. Asubuhi za Julai Lushoto ni mtihani mzuri kwa betri na injini. Mgeni kutoka pwani akiona moshi mweupe asikimbie: dakika za mwanzo huenda ni mvuke tu wa baridi. Wa kuogopwa ni moshi wa bluu, ambao ni dalili ya injini inayokula oili, au mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, huku maji yakipungua kwenye rejeta. Mwenye gari anajua moshi wa gari lake ni wa aina gani, na kumweleza mwenzake hakumgharimu kitu. Kisha amwache aje na fundi wake mwenyewe, wapande Mombo hadi Soni, wafungue boneti, warudi chini kwa gia nzito wakisikiliza breki.

Je, muuzaji analazimika kusema? Sheria ya Mikataba ya Tanzania inatokana na ile ya India ya mwaka 1872, ambayo ilifafanua jambo hili kwa mfano wa farasi. Anayeuza farasi mgonjwa akanyamaza tu hajafanya udanganyifu. Lakini mnunuzi akimwambia, "Usipokanusha nitachukulia kwamba ni mzima," kunyamaza kwake kunakuwa sawa na kusema. Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili aulize waziwazi, mbele ya shahidi: gasketi imewahi kubadilishwa? Injini imewahi kupasuliwa? Gari limewahi kupinduka?

Fikihi ya Kiislamu, ambayo wengi huku milima ya Usambara wanaijua kuliko sheria za bunge, ni kali zaidi: kasoro ya bidhaa inatakiwa itajwe, na ikifichwa mnunuzi ana haki ya kuirudisha. Kwa Kiarabu kasoro hiyo inaitwa *ayb*. Sisi tumelichukua neno hilo tukalifanya aibu.

Namna ya kuitaja kasoro ni rahisi: iingie kwenye bei. Kama klachi inateleza, fundi aseme itagharimu kiasi gani na kiasi hicho kipunguzwe, kisha iandikwe kwenye mkataba wa mauziano kwamba mnunuzi anaijua kasoro hiyo. Andiko hilo linamlinda muuzaji pia.

Linabaki suala la jina, ambalo wengi wanalipuuza. Kuhamisha umiliki TRA ni Sh 50,000, kadi mpya Sh 10,000, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani. Kwa gari la Sh 8,000,000 jumla ni Sh 140,000, na kila mmoja awe na TIN. Kwa kuikwepa hela hiyo, watu wanauziana kadi yenye jina la mwenye gari wa tatu nyuma. Siku gari likisababisha ajali, polisi wanaanza na jina lililo kwenye kadi. Faini za barabarani nazo zinafuata namba ya gari, Sh 30,000 kwa kila kosa, kwa hiyo muuzaji alipe za kwake kabla ya kukabidhi ufunguo.

Ukimuuzia mtu wa Dar es Salaam huenda usilione tena. Ukimuuzia mtu wa Mlalo utakutana nalo siku ya soko, namba ileile, limejaa karoti hadi juu, na kabla hujamsalimia dereva utakuwa umeshatazama rangi ya moshi.