Mikanda ya Panya Buku wa Morogoro

Chini ya Milima ya Uluguru, katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mjini Morogoro, panya hufundishwa kazi asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda. Si panya wadogo wa majumbani. Hawa ni panya buku, ambao kwa kawaida huzidi kilo 1 kwa uzito, na ambao urefu wao tangu pua hadi ncha ya mkia huweza kufika sentimita 80. Kila mmoja amevishwa mikanda miembamba kifuani, na mikanda hiyo imeunganishwa na kamba iliyotandazwa kati ya watu wawili. Mgeni anayefika uwanjani humstaajabia panya. Mikanda nayo yafaa itazamwe, kwa maana bila hiyo pua iliyo hodari kupita zote haiwezi kumthibitishia mkulima kwamba shamba lake halina bomu.

Kazi hiyo ilibuniwa na Mbelgiji Bart Weetjens, mwanzilishi wa shirika la APOPO lililoundwa Ubelgiji mwaka 1997. Mwaka 2000 mafunzo yalihamishiwa Morogoro kwa ushirikiano na Chuo cha Sokoine, ambacho tayari kilikuwa na wataalamu wa udhibiti wa wanyama waharibifu. Hivyo wale waliozoea kumchunguza panya kama mwizi wa mahindi wakaanza kumtafutia ajira. Panya waliofuzu walipelekwa Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa mabomu yake yote yaliyojulikana, kisha Angola na Kambodia.

Sababu ya kumchagua mnyama huyu ni rahisi kueleza. Chombo cha kutambua madini hulia kwa kila msumari na kila kizibo cha chupa, na kila mlio hauna budi kuchimbuliwa kwa tahadhari. Panya hanusi chuma. Hunusa baruti yenyewe, na vyuma vitupu huvipita. Aidha, uzito wake ni mdogo mno kulipua bomu linalongoja mguu wa mtu. Kwa kadirio la APOPO, panya mmoja hukagua eneo la uwanja wa tenisi kwa nusu saa, ilhali mtu mwenye chombo cha madini huweza kuhitaji hadi siku 4.

Basi mikanda ni ya nini? Wengi hudhani ni ya kumzuia asitoroke. Hiyo ni faida ndogo. Katika usafishaji wa mabomu, maneno "panya hakuonyesha kitu" yana maana pale tu inapojulikana kwa hakika kwamba panya alipita mahali hapo. Akiachwa huru atafuata harufu apendazo, na kona zisizomvutia ataziruka. Kwa hiyo watu wawili husimama kila upande wa kipande cha ardhi ambacho upana wake aghalabu ni mita 10, kamba ikiwa kati yao. Panya huenda kutoka upande mmoja hadi wa pili, watu husogea hatua fupi, kisha panya hurudi. Ardhi hupigwa mistari kwa pua yake kama shamba linavyopigwa matuta.

Hapo ndipo mkazo wa kamba unapokuwa jambo la uhai. Ikiwa kamba ya mita 10 imevutwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 2, na panya aliye katikati akaivuta pembeni kwa nguvu ya gramu 200 tu, kamba itapinda kwa sentimita 25 hivi. Mistari ikiachana kwa nusu mita, huko ni kupotea nusu ya nafasi iliyopo kati ya mstari na mstari, na bomu dogo la plastiki lina upana usiozidi sahani. Kamba hiyo hiyo ikivutwa kwa kilo 8, itapinda kwa sentimita 6 tu. Kwa upande mwingine, kamba iliyokazwa kama waya wa gitaa humchosha anayeishika na humnyima panya ulegevu wa kuinamisha kichwa. Mshikaji mzuri hujifunza kiasi kwa mkono wake. Hakuna kipimo cha dukani kinachomwambia.

Sasa ije mikanda yenyewe. Mtu aliyezoea mbwa angeweza kufikiria ukosi wa shingoni. Kwa panya buku ukosi haufai. Kichwa chake ni chembamba kuelekea pua na shingo yake ni fupi na nene, hivyo ukosi uliolegea huchomoka na uliokazwa humkaba. Tena mnyama huyu ana mifuko mashavuni, ambamo husokota chakula ili akakihifadhi shimoni. Karanga na ndizi anazopewa kama ujira huishia humo kwanza. Kinachobana koo huzuia ujira, na panya asiyelipwa haendelei na kazi.

Kanuni ni ile ile ijulikanayo na wakulima: mvuto uwekwe mahali mwili ulipojengwa kuubeba. Ng'ombe wa nundu hukokota kwa nira iliyokaa mbele ya nundu. Punda hana nundu, na akivishwa nira ya ng'ombe huchubuka, ilhali ukanda mpana wa kifuani humwezesha kufanya kazi bila kidonda. Hata wachezaji wa tiara za baharini huko Paje, Unguja, hujifunga kiunoni mshipi mpana wenye kipande cha chuma mbele, ili nguvu ya upepo igawanyike juu ya kiuno chote badala ya kuangukia mikono. Kwa panya, mkanda mmoja huzunguka mbele ya mabega na wa pili huzunguka kifua nyuma ya miguu ya mbele. Viwili hivyo huunganishwa mgongoni, na hapo ndipo kamba hushikizwa. Upana nao una hesabu yake: ukanda wa sentimita 1 hugandamiza ngozi mara 5 pungufu kuliko uzi wa milimita 2 wenye mvuto ule ule.

Lakini mahali pa hatari kuliko pote ni kwapani. Panya huonyesha bomu kwa kukwaruza ardhi kwa miguu ya mbele. Mkanda ukiminya kwapa, miguu hiyo haitembei vema. Ukiwasha, panya atasimama ajikune. Mtu aliye mita 5 mbali, jua la asubuhi likiwa machoni, anatakiwa atofautishe kujikuna na kukwaruza. Akikosea upande mmoja, watu watachimba bure. Akikosea upande wa pili, mtoto atakuja kucheza hapo. Ndiyo sababu mikanda hukaguliwa kila mara na kulegezwa kadiri kijana anavyokua, na ngozi isiyokausha vizuri umande au mvua ya masika haifai kutengenezea, kwani ikikauka hukakamaa na kuchubua.

Kinda huanza kuzoeshwa watu na sauti akiwa na umri wa majuma machache, na mafunzo yote huchukua takriban miezi 9 au zaidi. Panya maarufu Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013, aligundua Kambodia mabomu na zana za kulipuka zaidi ya 100, akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020, na akafa Januari 2022. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba Ronin, naye wa Morogoro, alikuwa amempita, akiwa amegundua mabomu ya ardhini 109.

Siku hizi vazi la panya limepewa kazi ya pili. Jengo la Kariakoo, Dar es Salaam, lilipoanguka Novemba 16, 2024 na kuua watu zaidi ya 20, waokoaji walilazimika kutafuta sauti za watu chini ya zege. Morogoro kuna panya wanaofundishwa kupenya katika vifusi vya kuigiza wakiwa na mkoba mdogo mgongoni wa kubebea kamera na vyombo vya mawasiliano. Humo kamba haina nafasi, kwa kuwa ingenasa kwenye jiwe la kwanza. Wala kukwaruza hakuonekani gizani. Kwa hiyo kizibao chao kina kidude kining'iniacho chini ya shingo. Panya akimkuta mtu hukivuta, nacho hutoa mlio, kisha panya hurudi kuchukua chakula chake.

Kuchagua kidude hicho si kazi ndogo. Kikiwa kigumu, panya huvuta mara moja akakata tamaa. Kikiwa chepesi, kila tofali atakaloligusa kifuani litaita waokoaji. Mkoba nao lazima ukae chini karibu na mgongo na katikati ya mabega na nyonga, kwa maana mzigo ulioinuka humpindua panya apandapo kifusi. Na usizidi upana wa mwili wake, kwani panya hupima tundu kwa sharubu zake, na sharubu hazijui kwamba amebeba mzigo.